Afande Anatoka Wapi?

Asubuhi ya kutunuku kamisheni, uwanja wa gwaride wa chuo cha maafisa cha Monduli huwa umefagiliwa tangu usiku. Maafisa wanafunzi wamejipanga, buti zinang'aa kama kioo, wazazi wamekaa na vitenge vyao vya sherehe, bendi inapiga. Pembeni amesimama mkufunzi mwenye cheo cha sajinitaji, mtu wa makamo ambaye sauti imemkauka kwa kufoka. Kwa miezi mingi ndiye aliyewaamsha vijana hawa kabla ya alfajiri, akawarusha kichurachura, akawafundisha kwata, shabaha, hata namna ya kutandika kitanda. Amiri Jeshi Mkuu anakagua gwaride, kiapo kinaliwa, maneno machache yanasemwa, na jambo limekwisha. Baadaye kidogo, nje ya bwalo, sajinitaji anakutana na mmoja wa vijana wake. Anakaza mwili na kupiga saluti. "Jambo afande!" Kijana, luteni usu wa saa moja, anairudisha huku mkono ukimtetemeka.

Kwa mgeni wa mambo ya jeshi hii ni adabu iliyopinduliwa. Kwetu mdogo ndiye anayeanza kumwamkia mkubwa, na mwanafunzi ndiye anayemvulia mwalimu kofia. Hapa mtu mwenye miaka 20 ya utumishi, pengine aliyekwisha kulinda amani nchi za watu, anamkakamalia kijana aliyekuwa akimkosoa juzi kwa kufunga mkanda vibaya. Jeshi lolote lazima liwe na jibu kwa nini iwe hivyo. Jibu hilo limebadilika mara nyingi katika historia, na Afrika Mashariki imewahi kuponea chupuchupu kwa sababu jibu lililokuwapo halikuwaingia askari akilini.

Kwanza neno lenyewe. Mjini, kamisheni ni ya dalali: kauza kiwanja, kachukua chake. Jeshini maana si ya mbali sana. Dalali anauza kwa niaba ya mwenye mali, afisa anaamuru kwa niaba ya mkuu wa nchi. Askari wa kawaida anaandikishwa kwa mkataba, anapewa namba na anahesabiwa miaka yake. Afisa anapewa hati ya kukabidhiwa mamlaka, na nchini Tanzania na Kenya mwenye kuitoa ni Rais kwa nafasi yake ya Amiri Jeshi Mkuu. Ndiyo maana sajinitaji wa Monduli haoni haya. Saluti yake inakwenda kwa ile hati, kijana ni mbebaji tu.

Swali gumu ni nani apewe.

Waingereza, ambao majeshi yetu mengi yamerithi taratibu zao, kwa muda mrefu walijibu kwa fedha. Hadi mwaka 1871 kamisheni katika jeshi la nchi kavu la Uingereza ilinunuliwa kama duka. Bei rasmi ya cheo cha chini kabisa cha afisa katika askari wa miguu ilikuwa pauni 450, ya luteni kanali pauni 4,500, na bei ya magendo ilizidi hapo. Mtu akistaafu, anauza cheo na kula akiba yake. Mantiki yao ilikuwa kwamba mwenye mali hawezi kuipindua serikali inayoilinda mali yake. Mageuzi ya waziri Edward Cardwell yalifuta biashara hiyo, lakini mtindo wa kudhani kwamba uongozi uko katika damu ya watu fulani haukufutika kwa sheria. Ulisafiri na meli hadi makoloni, na ulipofika huku ukavaa rangi ya ngozi.

Tunaye ushahidi mdomoni kila siku. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipotumwa na Wajerumani kuzima vita vya Abushiri pwani ya Tanganyika, aliwaajiri Wasudani huko Cairo, watu waliokuwa wamezoea vyeo vya jeshi la Misri ambalo lilikuwa na mizizi ya Kituruki. Wakaja na maneno yao: ombasha kwa koplo, shaushi kwa sajenti, bashaushi juu yake, kisha sol, na kileleni efendi, yaani bwana. Efendi ndicho cheo cha juu kabisa alichoweza kufikia Mwafrika katika jeshi la Wajerumani, na hata akiwa nacho hakuwa na amri juu ya Mjerumani yeyote. Ombasha na shaushi wamekwenda na wazee wetu. Efendi amebaki, amelainishwa na ndimi za Waswahili akawa afande, na leo kuruta wa kambi ya mafunzo ya Kihangaiko anaitikia "Ndiyo afande!" mara 100 kwa siku bila kujua kwamba anatamka cheo kilichowekwa kama dari ya babu yake.

Upande wa Waingereza mambo yalifanana. Kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, kilikuwa na maafisa Waingereza na askari Waafrika, na kati yao ngazi ilikatika. Afisa kijana kutoka London alilazimika kujifunza Kiswahili ili aeleweke, naye sajenti meja aliyepigana Abyssinia, Madagaska na Burma akabaki kumfundisha kazi na kumpigia saluti. Mwishoni mwa miaka ya 1950, uhuru ukinukia, Waingereza wakalifufua lile neno la kale: wakaanzisha cheo cha effendi kwa sajenti meja waliowaamini. Kilikuwa kiti cha ukumbini, si cha chumbani. Effendi alikuwa juu ya sajenti wote, lakini hakuwa na kamisheni ya Malkia. Mmoja wa waliokipata mwaka 1959 ni askari mrefu, bondia hodari, mwenye elimu ndogo ya darasani, aliyeitwa Idi Amin. Miaka miwili baadaye yeye na Shaban Opolot wakawa Waganda wa kwanza kupewa kamisheni kamili. Haraka ya dakika za mwisho iliwafanya Waingereza wachague walichonacho mkononi, na Uganda ikaja kulipa bili.

Kwa jirani wa magharibi hata hilo halikufanywa. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, jeshi lake la Force Publique lilikuwa na watu wapatao 24,000 na maafisa wa Kibelgiji wapatao 1,000. Hakuna Mkongo aliyekuwa na kamisheni. Kamanda wake, Jenerali Émile Janssens, aliwakusanya askari na kuwaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Tarehe 5 Julai askari wakaasi. Ndani ya siku chache Janssens alifukuzwa, askari wote wakapandishwa cheo kimoja, na mnadhimu mkuu mpya akawa Joseph Mobutu, sajenti wa zamani aliyekuwa ameacha jeshi na kufanya uandishi wa habari, sasa kanali kwa siku moja. Nchi iliyonyimwa maafisa kwa miaka 75 ikajikuta inawatengeneza kwa kalamu, usiku mmoja.

Tanganyika ilidhani imejifunza. Ilikuwa na vijana wake waliopitia chuo cha maafisa cha Sandhurst, Uingereza, wa kuhesabika kwa vidole. Mmoja wao, Luteni Alexander Nyirenda, ndiye aliyepandisha bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, na picha ya nchi mpya ikapatikana: afisa Mwafrika juu ya mlima. Chini ya mlima, kambini Colito nje kidogo ya Dar es Salaam, hali ilikuwa nyingine. Miaka miwili baada ya uhuru kikosi kilikuwa bado kinaongozwa na Brigedia Patrick Sholto Douglas na Waingereza wenzake. Serikali ilikuwa na hoja yake: maafisa hawapatikani sokoni, inachukua miaka kumpika mmoja. Askari nao walikuwa na yao. Waliona wizara zina mawaziri Waafrika, mikoa ina wakuu Waafrika, polisi wanapanda vyeo, wao bado "Yes sir".

Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964 king'ora kikalia Colito. Askari wakiongozwa na masajenti wakawakamata maafisa wao, Waingereza na hata Waafrika, wakawatia mahabusu, kisha Waingereza wakapakiwa ndege kwenda Nairobi. Brigedia Douglas aliponyoka. Madai yalikuwa mawili tu: mshahara uongezwe, Waingereza waondoke. Oscar Kambona, waziri wa ulinzi, alikwenda kambini kujadiliana na watu wenye bunduki, na katika vurumai ile waasi wakamtaja Luteni Elisha Kavana kuwa kamanda wao mpya. Kesho yake Tabora nayo ikaasi. Tarehe 23 askari wa Jinja, Uganda, wakamshikilia waziri wao Felix Onama. Tarehe 24 ilikuwa zamu ya Lanet, karibu na Nakuru, Kenya. Juma moja, nchi tatu, madai yaleyale. Alfajiri ya tarehe 25 makomando wa Kiingereza wakashuka kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur, na serikali ya Mwalimu Nyerere ikasalimika kwa aibu ya kuokolewa na mkoloni wa jana.

Maasi yale husimuliwa kama ugomvi wa mishahara na wa weusi kwa weupe. Yote mawili ni kweli, lakini kuna la tatu ambalo halisemwi sana. Walioanzisha walikuwa masajenti na makoplo, watu wa miaka mingi jeshini. Wao ndio walioendesha kikosi siku kwa siku. Wakati Mwingereza anajiandaa kuondoka, waliona nafasi yake haiji kwao. Inapelekwa kwa vijana wa sekondari, waliotumwa kozi nje na kurudi na nyota mabegani, ambao sasa wangepigiwa saluti na masajenti haohao. Hasira ya sajenti ilikuwa na macho mawili: moja lilimtazama Mwingereza, la pili lilimtazama kijana msomi wa rangi yake.

Na kila nchi ikachagua dawa yake. Uganda ilikubali madai, ikapandisha mishahara na kuwapandisha vyeo wazoefu, Amin akiwa wa mbele kabisa. Kenya iliwakabili waasi mahakamani na ikaendelea na Waingereza kwa muda, ikitoa nafasi kwa Waafrika hatua kwa hatua. Joseph Ndolo akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza jeshi la nchi kavu mwaka 1966. Tanganyika, kwa upande wake, ilivunja jeshi zima. Wanajeshi wa Nigeria wakaja kushika lindo kwa miezi kadhaa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ).

Aliyekabidhiwa ni Mirisho Sarakikya, Mmeru wa Arusha, kijana wa Sandhurst ambaye alikuwa na umri wa miaka 30 tu. Aliongoza jeshi hilo kwa miaka 10. Ukitaka kuiona milango miwili ya kuingia uafisa, mweke Sarakikya upande mmoja na David Musuguri upande mwingine. Musuguri aliingia King's African Rifles mwaka 1942, akapigana Madagaska, akapanda ngazi moja moja kutoka chini. Vita vya Kagera vilipokuja mwaka 1978, ndiye aliyekuja kuiongoza Divisheni ya 20 kuingia Uganda, dhidi ya nchi iliyotawaliwa na Amin, askari mwenzake wa zamani wa jeshi lilelile la mkoloni. Mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi. Msomi na mzoefu, wote wawili majenerali, na hakuna anayeweza kusema nani alikuwa afisa zaidi. Alichokuwa nacho Musuguri na ambacho Amin hakuwa nacho si cheti. Ni jeshi lililokuwa limejengwa upya kumzunguka, lenye utaratibu wa kumwambia afisa hapana.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa kisiasa, tena bila kificho. Jeshi jipya lilichukua vijana kutoka umoja wa vijana wa chama tawala, TANU, uanachama ukawa sharti, na makamisaa wa siasa wakawekwa vikosini. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, likawa chekeche. Mwaka 1966 serikali ilipotaka wasomi nao wapitie huko kwa mujibu wa sheria, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam, na Nyerere akawafukuza karibu 400 warudi makwao. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, uanachama ukageuka kuwa mwiko: Katiba ikamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote. Jakaya Kikwete, ambaye miaka ya 1980 alikuwa akisomesha siasa maafisa wanafunzi pale Monduli, alilazimika kuchagua, akavua gwanda akiwa luteni kanali na kubaki na siasa.

Tatizo lingine la miaka ya mwanzo lilikuwa la kifundi. Tanzania ilitaka maafisa lakini haikutaka mwalimu mmoja. Wakanada walileta timu ya wakufunzi kuanzia 1965 hadi 1970. Wachina wakaingia. Wengine walipelekwa Uingereza, wengine nchi za mashariki ya Ulaya. Kisiasa ilikuwa busara, maana hakuna dola lililoweza kudai kwamba jeshi ni lake. Ila fikiria kombania yenye maafisa wanne waliosomea mabara matatu: huyu anasoma ramani kwa mtindo huu, yule anapanga ulinzi kwa mtindo ule, na kila mmoja anaapa kuwa mwenzake kafundishwa vibaya. Chuo cha nyumbani kilikuwa lazima. Kilianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa jina la Chuo cha Taifa cha Uongozi, jina lenye harufu ya zama zake, kisha kikahamia Monduli, mkoani Arusha, kwenye baridi na nafasi ya kupigia shabaha.

Hapo ndipo mtu anapopikwa. Katika utaratibu wa JWTZ, afisa mwanafunzi hafiki Monduli akiwa raia aliyetoka nyumbani na begi la shule. Kwanza amekuwa kuruta kama kuruta wengine, amekula doso, amelala lindo, amejua harufu ya buti lenye maji. Waisraeli wana mtindo wa namna hiyo: kila mtu anaanza askari, na afisa anachaguliwa kutoka humo. Waingereza hawafanyi hivyo. Kwao mtahiniwa hupimwa siku chache mbele ya bodi ya Westbury, akifaulu huingia Sandhurst moja kwa moja kwa wiki 44, na baada ya gwaride la mwisho, saa sita usiku wakati wa dansi, hufunuliwa nyota zilizokuwa zimefichwa begani. Sherehe yao inapendeza. Lakini kati ya mitindo hii miwili, wa kuanzia ukuruta unalijibu swali la sajinitaji vizuri zaidi: luteni usu anayepigiwa saluti naye amewahi kusimama alipo askari wa kawaida.

Mafunzo yenyewe yana sehemu ambazo raia huzijua, mbio, vikwazo, kwata, na sehemu ambazo hazionekani uwanjani. Mwanafunzi anajifunza kutumia ramani na dira usiku wa giza, sheria za vita, uandishi wa amri. Amri ya kijeshi ina mpangilio wake: hali ya adui na yetu, kazi, namna ya kuitekeleza, chakula na risasi, mawasiliano. Anapewa platuni ya wenzake, watu 30 hivi, anaambiwa alivamie tuta lile kabla ya mapambazuko. Wenzake wamechoka, hawajala, mmoja ameteguka mguu, na mkufunzi amekaa pembeni na daftari haongei neno. Akitoa amri mbovu, mkufunzi anaiacha itekelezwe mpaka mwisho, ili aone watu wake wamekwama bondeni kwa kosa lake. Kuna wanaorudishwa nyumbani kwa mambo ya namna hii, si kwa kushindwa kukimbia. Anayekimbia vizuri lakini akibanwa huwafokea wenzake na kuwasukumia lawama, huyo huandikwa mapema.

Kenya ilijenga chuo chake Lanet, mahali palepale palipoasi mwaka 1964. Makadeti wa kawaida wanatakiwa kuwa na wastani wa B katika mtihani wa kidato cha nne, kimo kisichopungua mita 1.60 kwa wanaume, na mwili usio na dosari. Hata meno yanakaguliwa. Madaktari, wahandisi na mawakili huingia kwa mlango wa wataalamu, wakiwa na shahada tayari, kwa kozi fupi. Lakini kipimo kinachozungumzwa zaidi Kenya hakipo kwenye mizani wala kwenye utepe. Ni kabila. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 241, inadai uongozi wa majeshi uakisi sura ya nchi kwa maeneo na makabila. Sheria haiandiki jambo kama hilo pasipo historia, na kila Mkenya mwenye umri anakumbuka namna vyeo vya juu vilivyokuwa vikifuata ramani ya Ikulu. Wanawake nao walisubiri. Kwa miaka mingi walikuwa na kikosi chao cha pembeni, kikavunjwa mwaka 1999 wakachanganywa na wenzao. Mwaka 2018 Fatuma Ahmed, aliyeingia jeshini 1983, akawa mwanamke wa kwanza kuwa meja jenerali, na mwaka 2024 akakabidhiwa jeshi la anga. Kutoka kuingia jeshini hadi hapo ni miaka zaidi ya 40, na hiyo inaeleza kwa nini hakuna njia ya mkato: jenerali wa mwaka 2060 anachujwa leo.

Kuhusu makabila, somo chungu zaidi liko Burundi. Marais watatu walioongoza nchi hiyo mfululizo kwa miaka mingi, Micombero, Bagaza na Buyoya, wote walikuwa maafisa wa jeshi, wote Watutsi, wote kutoka mkoa mmoja wa Bururi. Hakuna bahati nasibu inayotoa matokeo hayo. Uafisa wa jeshi ulikuwa mlango, na aliyeshika ufunguo aliamua nani atawale. Oktoba 1993 jeshi hilo lilimuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu aliyechaguliwa na wananchi miezi michache tu kabla, na vita vikafuata. Wakati wapatanishi walipokaa Arusha chini ya Mwalimu Nyerere na baadaye Nelson Mandela, hoja ya nani awe askari na afisa ikawa kiini cha mazungumzo. Mkataba uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 uliweka kwamba hakuna kabila litakalozidi asilimia 50 ya jeshi. Ulitiwa saini mwendo mfupi wa gari kutoka Monduli.

Uganda nayo ilipita njia yake. Jeshi la sasa lilianzia msituni, kwa shambulio la kambi ya Kabamba tarehe 6 Februari 1981, na makamanda wake walipewa vikosi kwa sababu walipigana, kamisheni zikaja baadaye. Leo chuo cha maafisa kiko palepale Kabamba, na kijana anayeingia hupewa mtaala, mtihani na gwaride. Wazee wa msituni wakimtazama luteni usu wa leo huenda wanahisi alichohisi sajenti wa Colito.

Katika miaka hii 20 iliyopita kipimo kipya kimetawala: shahada. Gako nchini Rwanda makadeti husomea shahada kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Rwanda. Kenya imepata chuo kikuu chake cha ulinzi tangu 2021. Monduli, kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha, inatoa shahada ya sayansi ya kijeshi. Vita vya ndege zisizo na rubani, ulinzi wa mitandao na misheni za Umoja wa Mataifa havimhitaji mtu anayejua kufoka tu. Afisa wa Tanzania aliyeko Kongo au Afrika ya Kati anaandika ripoti, anazungumza na wanasheria, anapatanisha wazee wa vijiji. Elimu si pambo.

Ila shahada ni kipimo cha aliyepata nafasi ya kusoma, na nafasi hiyo haigawanywi sawa. Mtoto wa Masaki na mtoto wa Kibondo hawaanzi mbio mahali pamoja. Ikiwa cheti kitakuwa ufunguo pekee, tutakuwa tumerudi kinyemela kwenye bei ya pauni 450, safari hii ikilipwa kwa ada za shule. Majeshi yote ya ukanda huu bado yana ngazi ya kumpandisha askari hodari hadi uafisa, na hiyo ndiyo ngazi inayostahili kulindwa kuliko zote: itangazwe wazi, masharti yake yajulikane kambini, na koplo mwenye kichwa apelekwe shule kwa gharama ya jeshi badala ya kuambiwa amechelewa. Waliokuwa Colito mwaka 1964 waliasi pia kwa sababu hawakuiona ngazi hiyo.

Kambi yenyewe ya Colito sasa inaitwa Lugalo, kwa heshima ya mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.

Na kwa kijana anayesoma haya akisubiri tangazo: nafasi za kujiunga hutangazwa na jeshi lenyewe, kwa vyombo vyake rasmi, na fomu haiuzwi. Majeshi ya Kenya na Tanzania yanaonya kila mara dhidi ya matapeli wanaojifanya wana mjomba makao makuu. Yeyote anayekuomba pesa ili akuingizie jina, awe amevaa gwanda au suti, mpeleke polisi.